Waliohama kwa Kupenda

Mtu wa kwanza kuleta mzigo wa safari alikuwa mzee mmoja wa Bugarama. Alikuja kwa bodaboda hadi kwenye kituo chetu kidogo cha redio mjini Ngara, akashuka taratibu, akaweka mfuko juu ya meza ya mapokezi na kutoa mbegu za maharage zilizofungwa kwenye kitambaa. Akasema anaomba ziwafikie wale mke na mume kabla hawajaondoka duniani, kwa sababu amewasikiliza tangu mwanzo na hajasikia popote kwamba wamebeba mbegu.

"Huko wanakokwenda watakula nini?" aliniuliza. "Mmesema habari za chombo, mmesema habari za nyota. Mbegu hamkusema."

Mke na mume aliokuwa akiwazungumzia niliwatunga mimi, kwenye chumba changu cha kupanga, na hawakuwahi kuishi popote.

"Mzee," nikasema, "ule ni mchezo wa kuigiza tu."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Najua ni mchezo, binti. Ndiyo maana nimeleta chache."

Kazi yangu pale redioni ilikuwa kusoma matangazo. Nilisoma ya vifo, ya mikutano ya vijiji, ya ng'ombe waliopotea na ya watoto waliofaulu. Lakini ya vifo ndiyo watu waliyoyasikiliza kwa makini kuliko yote, kwa hiyo mji mzima ulinijua kwa hayo. Nilikuwa nikiuliza bei ya nyanya sokoni, muuzaji anashtuka kidogo, kisha anacheka: "Kumbe ni wewe, dada wa vifo." Nilizoea.

Siku moja meneja aliniita akaniambia kuna nafasi imebaki wazi Jumapili jioni. Bwana shamba aliyekuwa na kipindi cha kilimo alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Akaniambia niweke pale chochote nitakachoweza, isipokuwa muziki, maana muziki ulikuwepo kutwa nzima. Nikamwambia nitaandika mchezo. Aliuliza unahusu nini. Nikasema unahusu watu wanaohama. Akasema vizuri, elimu ya uhamiaji inahitajika, akarudi kwenye simu yake.

Mimi ni mzaliwa wa Bugarama, upande ule unaopakana na Burundi. Utotoni nilizoea kuona watu wakipita barabarani wakiwa na magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba, watoto mgongoni. Walipita kwenda kambini, na baadaye wengine wakapita kurudi kwa barabara ileile. Mama yangu aliwapa maji na ndizi za kuchemsha, akawauliza kwa Kihangaza wametoka kilima gani, nao walimwelewa, kwa kuwa lugha zetu zinakaribiana. Kwa hiyo mimi nilikua nikijua kwamba kuhama kuna maana moja tu: nyuma yako kuna kitu kinakufukuza. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikaanza kujiuliza kama yupo mtu anayeondoka akiwa ameshiba, shamba limekubali, majirani wanampenda, akasema tu kwamba anataka kwenda kuishi kule. Na kwa kuwa kila mahali pa karibu palikuwa na mtu aliyewahi kufika na kurudi na habari, Kigali, Mwanza, Dar es Salaam, mke na mume wangu niliwapeleka mbali kuliko kote.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Chombo kinatua bondeni wakati wa kiangazi. Wanaoshuka hawana ubaya. Wanasema kwao kuna nafasi na wangependa kupata majirani. Anayetaka aje, asiyetaka abaki, hakuna zawadi wala vitisho. Kilima kizima kinakataa. Mke na mume wa makamo, wakulima wa kahawa na migomba, wanasema: sisi tutakwenda. Mengine yote yalikuwa kujiandaa, kuaga, na kisha maisha yao huko.

Waigizaji wangu wawili niliwapata kupitia matangazo ya vitu vilivyopotea. Mwanamke alikuwa na banda la chakula Nyakanazi, pale njia panda malori yanapopumzika. Kila Jumamosi alikuja Ngara kununua maharage na ndizi za banda lake, na Jumamosi hiyo alikuja redioni kutangaza mtungi wa gesi aliousahau ndani ya hiace. Alivyoeleza jinsi ule mtungi ulivyomwacha, kana kwamba ni mume aliyemtoroka, ofisi nzima ilisimamisha kazi kucheka. Alikuwa Msubi, na kama wengi wetu huku alichanganya r na l. Redio kwake ilikuwa "ledio" na barabara "balabala". Meneja aliingiwa na wasiwasi. Nikamwambia mke wa kwenye mchezo ni mtu wa hapa, na watu wa hapa ndivyo wanavyosema.

Mwanamume alikuwa wakala wa forodha kule mpakani Rusumo, kijana wa zamani kidogo, mwenye tumbo la kukaa ofisini na sauti nzito tulivu. Alikuja kutangaza mkoba wake wa nyaraka. Kwao ni Biharamulo mjini, katika zile familia za Waislamu ambazo mababu zao walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki. Sisi wengine Kiswahili tulikipata shuleni. Yeye alikinyonya na maziwa, na ukimsikia akisema tu "karibuni" ungetamani kukaa. Nilimwomba asome kurasa mbili za mchezo. Akasoma, akauliza, "Kwani huyu bwana anaondoka kwa nini?"

"Mkewe anataka kwenda kuona," nikamjibu. "Naye anataka kuwa alipo mkewe."

"Basi?"

"Basi."

Alikubali hapo hapo.

Chumba cha kurekodia tulikibandika trei za mayai na blanketi ukutani. Mvua ikianza kupiga bati tulisimama, mbuzi wa jirani akilia tulisimama, umeme ukikatika tulikaa na kula. Yule mama wa Nyakanazi hakuja mikono mitupu hata siku moja. Alileta sambusa zake, au kuku wa jana aliyebaki bandani, na tulikula juu ya meza ya matangazo huku tukibishana juu ya watu wa sayari nyingine kama mtu anavyobishana juu ya mashemeji.

Katika karatasi zangu za mwanzo wale viumbe niliwaita "wageni". Ni yeye aliyekataa.

"Walipokuja huku walikuwa wageni, sawa," alisema. "Lakini sisi tukishafika kwao, mgeni ni nani? Siwezi kuingia nyumbani kwa mtu nikamwita mgeni."

Tangu siku hiyo wakaitwa wenyeji, na mchezo mzima ukabadilika mikononi mwangu bila mimi kupanga. Sauti yao aliitoa fundi mitambo wetu kwa kuguna ndani ya dumu tupu la lita ishirini. Kwa sauti ya chombo kikiruka, wakala alitupeleka Rusumo. Tulisimama karibu na daraja, mimi na fundi tumenyoosha kinasa sauti kuelekea kwenye maporomoko, malori yamepanga foleni nyuma yetu, na ofisa mmoja akaja kutuuliza tunafanya nini.

"Wanarekodi sauti ya chombo kinachokwenda kwenye nyota," wakala akamwambia. Walikuwa wakifahamiana.

Ofisa akayatazama maji, akatutazama sisi. "Kimekaguliwa?"

"Nyaraka zake zote ziko sawa."

"Basi kiruke," akasema, akaenda zake. Nilipoisikiliza ile sauti studioni, ngurumo ya Mto Kagera ikijazana kwenye vipaza sauti vyetu vibovu, nywele zilinisimama.

Sikutarajia mtu yeyote asikilize. Lakini baada ya yule mzee wa mbegu wakaja wengine. Mama mmoja alileta miche ya migomba iliyofungwa kwenye majani. Mwingine alileta chupa ya samli. Kijana mmoja alileta betri za tochi, akasema huenda huko usiku ni mrefu. Katika kipindi cha salamu watu walianza kuwasalimu mke na mume pamoja na shangazi na wajomba zao. Maswali yalikuja kwa simu: wenyeji wana ng'ombe? Mtu akifa huko anazikwa wapi, na nani atafika msibani? Na swali lililozua ubishi wa wiki nzima: je, wenyeji wanaamkiwa? Mpigaji mmoja alisema kama wao wameishi miaka mingi kuliko sisi, basi shikamoo ni haki yao. Mwingine akasema hawezi kumwamkia mtu asiyejua kuitikia marahaba. Mzee wa kanisa jirani alikuja ofisini mwenyewe, akiwa amevaa koti, akauliza kwa heshima zote kama huko kutakuwa na mahali pa kusali Jumapili. Nikamwambia sijaandika bado. Akasema anaomba nikumbuke.

Zile zawadi zilinitia aibu. Nilitaka tugawane. Yule mama wa Nyakanazi akaweka mkono juu ya mfuko wa mbegu.

"Tule sisi? Hivi ni vya safari."

"Sasa tufanyeje? Hakuna safari."

"Tupande."

Tukapanda nyuma ya kituo, kati ya choo na mnara, maharage na ile miche ya migomba. Samli tu ndiyo tuliyoila, kwa kuwa yeye mwenyewe alikubali kwamba samli haina subira.

Ikafika sehemu ya kuaga. Niliandika kipindi kimoja ambamo mume anakwenda kumuaga mama yake mzazi. Mwalimu mmoja mstaafu aliahidi kuigiza mama, lakini siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi na hakuweza kufika. Tulikuwa na Jumamosi hiyo tu. Nikamwambia wakala aseme maneno yake peke yake, mama atakuwa amekaa kimya, wasikilizaji wataelewa kwamba ana huzuni. Maneno niliyomwandikia yalikuwa machache na ya kawaida: kwaheri mama, nitakukumbuka, uniombee.

Alikaa mbele ya kipaza sauti, akaisoma mara moja. Kisha akaiweka karatasi chini.

"Mama," alisema, "mimi si mtu wa maneno, unajua. Nimekuletea sukari. Nimekuletea mchele, nimekuletea kitenge cha sikukuu. Kila mara nimekuletea kitu, au nimetuma. Nafikiri nilikuwa natuma ili nisije. Nikija nitakaa, nikikaa utanitazama, na wewe ukinitazama mimi nakuwa mtoto, na mambo yangu yote yanaonekana madogo. Leo sina kitu mkononi, mama. Nimekuja hivi hivi. Nakwenda mbali, na sijafukuzwa na mtu. Hukunikosea kitu. Nilitaka ulijue hilo kabla sijaondoka."

Fundi alisahau kuzima mashine, ikaendelea kurekodi kimya. Yule mama wa Nyakanazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni akingoja zamu yake, na kanga yake ameishika mdomoni. Wakala akainuka, akasema anatoka kupiga simu, akasimama nje barazani huku mvua ikimrushia matone.

Tulikirusha kipindi kama kilivyo.

Biharamulo tulisikika kwa mikwaruzo, kutegemea hali ya hewa. Jumapili ile hali ya hewa ilikuwa nzuri. Katikati ya wiki wakala alinipigia simu, na sauti yake nzito ilikuwa imepungua. Mama yake alikuwa amesikiliza kwa redio ya jirani. Ametuma neno: aende nyumbani, na aende na huyo anayemwandikia.

"Nisindikize," alisema. "Peke yangu siendi."

"Mara ya mwisho ulikwenda lini?"

Alifikiri. "Nilituma vitu mwezi uliopita," akasema.

Tulikwenda. Nyumba yao ilikuwa kwenye mtaa wa zamani wa maduka, yenye baraza la saruji lililong'aa kwa kukaliwa. Mama yake alikuwa mwembamba, mrefu, amejifunga kanga mbili na miwani ameitundika shingoni kwa uzi. Mwanawe alimshika mkono, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuuachia mkono. Akanigeukia. Nami nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha ndani, akaleta kahawa nyeusi na vitumbua kabla ya kusema lolote jingine. Mwanawe alikuwa amebeba mfuko wa mchele. Aliuweka karibu na mlango, kisha akautazama kama anayejuta kuuleta.

Yule mama akaweka kikombe chini.

"Mimi si mtoto," aliniambia. "Najua mchezo ni mchezo. Sikukuiteni nikulaumuni."

"Ndiyo, mama."

"Nina jambo moja la kuuliza. Yule mama mliyemweka pale mbona hajibu? Mwanawe anamuaga, anakwenda asikojua mtu, anamwambia maneno ambayo hajamwambia tangu azaliwe, na yeye yupo tu, kimya. Ni mama gani huyo?"

"Mwigizaji wake hakufika, mama. Mvua ilimzuia."

"Ahaa." Aliwaza. "Mimi nilidhani amekufa palepale kitini."

Mwanawe akacheka bila kutaka, na yeye akacheka, na kwa muda wakawa wanafanana kabisa, mabega yakitikisika kwa namna moja. Kisha akasema, "Basi nitajibu mimi."

Nilidhani anatania. Lakini aliinuka pale pale kumuuliza mwanawe gari lingepatikana siku gani, na kama studioni kuna ngazi, kwa sababu ya magoti yake.

Alikuja Jumamosi akiwa na buibui lililopigwa pasi na chupa ya kahawa kwa ajili yetu sote. Yule mama wa Nyakanazi alimpisha kiti, akamwamkia, akamwita mama mkwe. Nilimwandalia maneno. Alivaa miwani, akayasoma, akanirudishia karatasi.

"Mazuri," alisema. "Lakini si yangu."

Kabla hatujawasha mashine alitueleza kidogo habari zake. Alizaliwa Tanga. Posa ilikuja kutoka Biharamulo, kwa ndugu za baba yake wa mbali, na baba yake akamwambia wazi kwamba akikataa hatamlazimisha. Alikubali. Alikuja kwa gari moshi hadi Mwanza, akavuka ziwa, akapanda lori la mizigo. Jirani zake wa kwanza walizungumza Kisubi na Kizinza, naye hakujua hata neno la kuombea maji.

"Kwa nini ulikubali, mama?" nikamuuliza. Ndilo swali ambalo wasikilizaji waliniuliza kila wiki juu ya mke wa kwenye mchezo, na sikuwahi kulijibu vizuri.

"Nilitaka kuona," alisema. "Watu wanadhani lazima kuwe na sababu nyingine nyuma yake. Haikuwepo."

Fundi akawasha mashine. Mwanawe alikaa mbele yake, meza katikati yao, na kipaza sauti kimoja.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Nimekusikia. Ukifika kwa watu usianze kuwaeleza kwenu mnafanyaje. Kaa kwanza. Kula wanachokula, kama hakikushindi. Jifunze kuomba maji kwa lugha yao, mengine yatakuja. Iko siku utaamka usisikie hata harufu moja unayoijua. Siku hiyo usiamue jambo lolote. Oga, vaa nguo safi, toka nje umwamkie mtu. Mimi ndivyo nilivyofanya, na yule niliyemwamkia siku hiyo ndiye aliyenishika mkono nilipokuzaa wewe. Sasa mtu akiniuliza kwetu ni wapi, namwonyesha ule mlango. Usinionee huruma kwamba nabaki. Nami sikuonei huruma kwamba unakwenda. Na mkeo umtazame vizuri, maana wewe umepata mama wa kumuaga. Yeye je?"

Hapo mwigizaji wangu wa Nyakanazi aliinuka akatoka. Baadaye aliniambia kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo kiasi cha kutoukumbuka uso wake. Yule mama mzee hakulijua hilo. Alisema tu kama mtu anavyosema.

Katika karatasi mwanawe alikuwa na jibu refu. Alisema, "Nimesikia, mama." Basi. Ukisikiliza kwa makini ulisikia kiti kikilia, na mtu akivuta pumzi puani. Fundi alitaka kusafisha ile sehemu. Nikamwomba aiache.

Wakaondoka, mke na mume, katikati ya ngurumo ya Rusumo. Kwa miezi kadhaa nikaandika maisha yao huko. Mke aliwafundisha wenyeji kuitikia marahaba. Mume alipanda maharage kwenye udongo wa rangi ya zambarau na yakakataa, kisha msimu wa pili yakakubali. Mahali pa kusali Jumapili palipatikana, nikampigia simu mzee wa kanisa kumjulisha. Hakuna kubwa lililotokea. Watu walisikiliza hivyo hivyo. Nilijifunza wakati ule kwamba mtu hachoki kuambiwa kwamba waliokwenda mbali wamelala salama.

Kikaisha jinsi vinavyoisha vipindi vya redio ndogo. Radi ilipiga mnara, tukakaa kimya kwa muda mrefu, na tuliporudi hewani alikuwa amepatikana bwana shamba mwingine. Kompyuta iliyohifadhi vipindi vyetu iliungua siku ileile ya radi. Hakuna hata kimoja kilichobaki. Zamani iliniuma sana. Siku hizi naona ni sawa, ingawa kuna jioni natamani kusikia tena ile sauti ya dumu ikijaribu kusema marahaba.

Wakala alipata tabu kidogo baada ya hapo. Sokoni watu walimsimamisha: "Umerudi lini?" Wengine walimwonea hasira, kana kwamba amewadanganya, kana kwamba angekuwa muungwana angekaa huko huko. Alinieleza hayo akicheka. Mara nyingi siku za Ijumaa alikwenda Biharamulo, akasali na watu wa mtaa wao, akala kwa mama yake, akarudi mpakani jioni. Alisema siku za mwanzo walikuwa hawana la kuzungumza, wakawa wanazungumza habari za mke na mume wa kwenye nyota, nini kitawapata wiki ijayo, na polepole wakahamia kwenye mengine. Mama yake alifariki miaka kadhaa baadaye, wakati mimi nimekwisha kuacha redio na kuanza kufundisha. Tangazo nililisikia nikiwa jikoni, likisomwa na sauti ya mtu mwingine, na nilisimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua. Tulikwenda kumzika. Wanawake wa Kisubi wa mtaa ule walilia kuliko ndugu waliotoka Tanga.

Yule mama wa Nyakanazi bado yupo. Banda lake lilisogezwa barabara ilipopanuliwa, sasa lina sakafu ya vigae, na madereva wa Kigali na wa Bujumbura wanamfahamu kwa ugali wa muhogo na samaki. Hunipigia simu mchana, saa za wateja wachache, na baada ya kuulizana habari za nyumbani najua kinachofuata.

"Wale watu wetu hawajambo?" aliniuliza wiki iliyopita.

"Hawajambo. Mume ana mafua."

"Huko kuna mafua?"

"Aliyabeba kutoka huku."

"Mwanaume huyo!" Alicheka sana, nikasikia na sufuria zikigongana nyuma yake. "Na mke?"

"Mke amekwenda kwa mwenyeji mmoja, jirani yao. Huyo jirani amejifungua."

"Amepeleka nini?"

Nilikuwa sijafikiria. "Ndizi," nikasema.

"Apeleke na uji. Mtu aliyejifungua haendewi na ndizi tupu, hata kama ni wa kwenye nyota. Mwandikie apeleke uji." Kisha akasema ngoja, kuna lori limeingia, akakata simu.